CSS imepotea baada ya kupandisha tovuti: nani anajibu nini kati ya Nginx na programu yako

Swali hili halikosekani kwenye makundi ya madevelopa wa Django (mfumo wa kutengeneza tovuti kwa Python): "Wakuu, mradi wangu wa Django kwenye laptop uko safi kabisa. Nimeupandisha kwenye seva, kurasa zinafunguka lakini hazina rangi wala picha, maandishi tu yamejipanga kushoto. Hata kurasa za admin ziko uchi. Msaada tafadhali."

Majibu huwa hayachelewi. Mmoja anasema rudisha DEBUG (swichi ya Django ya kuonyesha makosa) iwe True. Mwingine, piga chmod 777 (amri ya kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika mafaili). Wa tatu anasema futa kache, wa nne anasema hiyo hosting ndiyo mbovu, hama. Kibaya ni kwamba ushauri wa kwanza na wa pili mara nyingine huleta rangi kweli, na muulizaji anaaga kwa shukrani huku ameacha mlango wa uani wazi.

Jambo lenyewe si gumu likishaeleweka. Anwani ya tovuti ni moja, ila nyuma yake wanaojibu ni wawili, Nginx na programu yako, na kila mmoja ana kazi yake. CSS (mafaili ya rangi na mpangilio wa ukurasa) ikipotea, swali la kwanza ni hili: ombi hilo limejibiwa na nani?

Tuanze na majina. Mafaili tuli ni yale yanayotoka kwa kila mtu vilevile yalivyo kwenye diski: CSS, JavaScript, nembo, fonti, picha za mapambo. Mteja awe Mwanza au Muscat, awe ameingia kwenye akaunti au hajaingia, nembo ni ileile. Kuna upande mwingine: kurasa zinazotengenezwa pale zinapoombwa, kama kikapu cha mteja, oda zake, salio lake. Hizo lazima programu iulize hifadhidata na kupiga hesabu ndipo itoe jibu.

Programu yenyewe, tuseme ni duka la vitenge lililoandikwa kwa Django, kwenye seva huendeshwa na kitu kama Gunicorn. Kwa kawaida Gunicorn husikiliza 127.0.0.1 kwenye poti 8000, yaani ndani ya mashine tu. Mtu wa nje hawezi kuifikia. Mbele yake inakaa Nginx ikiwa proksi kinyume: seva ya mlangoni inayopokea kila ombi linalotoka nje, inaamua lipi ilijibu yenyewe na lipi ilipeleke ndani, kisha inarudisha majibu kwa mteja kana kwamba yote ni yake. Proksi ya ofisini mliyoizoea inasimama upande wa watu wanaotoka kwenda intaneti. Hii inasimama upande wa tovuti.

Fikiria kibanda cha chipsi saa moja jioni. Anayetaka soda, kijana wa mbele anafungua friji na kumpa, kazi imeisha. Anayetaka chipsi mayai, oda yake inapelekwa kwa mpishi aliyeko jikoni. Sasa amua kwamba mpishi ndiye atoe na soda pia. Kila soda moja anaacha kikaango, anafuta mikono, anakwenda kwenye friji, anarudi. Soda zitatoka, hakuna anayebisha. Lakini mayai yataungua na foleni itafika barabarani.

Gunicorn ndiye mpishi huyo. Mfanyakazi wake wa aina ya kawaida anashughulikia ombi moja kwa wakati mmoja, basi. Nyaraka zake zinapendekeza kuanza na idadi ya kori mara mbili, ukiongeza moja; kwenye VPS (seva ya kukodi) ndogo ya kori moja, hao ni wafanyakazi watatu. Ukurasa mmoja wa duka wenye picha za vitenge unaweza kuita mafaili ishirini au thelathini. Ukiwaachia hao watatu kazi ya kugawa nembo na fonti, anayejaribu kulipa anasubiri nyuma ya faili la herufi za mapambo. Nginx kwa upande wake iliundwa kwa kazi hiyo hasa. Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, wakati ambapo kuhudumia miunganisho 10,000 kwa mpigo kwenye mashine moja kulikuwa bado ni kitendawili cha wahandisi. Faili likiwa kwenye diski, inaweza kuiambia Linux ilisukume moja kwa moja kwenye mtandao bila kulipitisha kwenye kumbukumbu ya programu yoyote. Python haihusiki popote.

Kwa nini basi kwenye laptop hayo yote hayakuonekana? Kwa sababu kwenye laptop ulikuwa na runserver, na runserver hujifanya wote wawili. DEBUG ikiwa True, inatafuta mafaili tuli yenyewe popote yalipo na kuyatoa. DEBUG ikiwa False, inaacha, kwa makusudi kabisa. Nyaraka za Django zinasema waziwazi kwamba njia ile ina upotevu mkubwa na huenda si salama. Ni msaada wa wakati wa kuandika kodi, si zaidi ya hapo. Ndiyo maana hata admin inabaki uchi: CSS yake haimo kwenye mradi wako, imo ndani ya kifurushi cha Django kule kwenye site-packages, na Nginx haina habari kama kuna mahali panaitwa hivyo.

Hapa turudi kwa yule wa "rudisha DEBUG iwe True". Ushauri huo unaleta rangi kwa mtu anayeendesha runserver kwenye seva (jambo ambalo lenyewe ni kosa), au aliyeongeza mstari wa kutoa mafaili tuli kwenye urls.py. Kwa mwenye Gunicorn tupu hausaidii hata kidogo. Na pale unaposaidia, bei yake ni kubwa: programu ikipata hitilafu, mgeni yeyote anaonyeshwa ukurasa wenye vipande vya kodi yako, njia za folda, thamani za vigeu na mipangilio. Django inajitahidi kuficha mipangilio ambayo majina yake yana maneno kama SECRET au PASS, lakini haiwezi kujua siri uliyoipa jina lingine. Isitoshe, DEBUG ikiwa imewashwa Django inakumbuka kila swali la SQL ililoiuliza hifadhidata, na hilo linakula kumbukumbu ya seva.

Njia sahihi ina hatua mbili. Kwanza, kusanya mafaili yote tuli mahali pamoja. Kwenye settings.py unaandika

STATIC_URL = "/static/"
STATIC_ROOT = "/srv/duka/static/"

kisha unaendesha python manage.py collectstatic. Amri hiyo inapita kwenye kila sehemu ya mradi, pamoja na admin, na kunakili CSS na wenzake hadi kwenye folda moja. Wengi wanaisahau wanapopandisha toleo jipya, halafu wanashangaa kitufe walichokibadilisha rangi hakijabadilika.

Pili, mwambie kijana wa mbele friji iko wapi:

location /static/ {
    alias /srv/duka/static/;
}

location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}

Kwa Kiswahili cha kawaida: anwani ikianza na /static/, ijibu mwenyewe kutoka kwenye folda hii, mengine yote peleka poti 8000. Mistari miwili ya mwisho inaibebea programu jina la tovuti aliloandika mteja na kama amekuja kwa HTTPS, maana Gunicorn inachokiona ni Nginx tu ikibisha hodi.

Kuna dhana kwamba mpangilio wa vipande hivyo viwili ni muhimu, kwamba /static/ lazima itangulie. Kwenye Nginx si kweli: kati ya anwani za aina hii, inayoshinda ni ile ndefu zaidi inayolingana, hata ikiandikwa mwisho. Dhana hiyo imetoka kwa watu wa Apache, seva nyingine ya wavuti, na kule ni kweli. Mstari wa ProxyPass /static ! lazima ukae juu ya ProxyPass ya jumla, la sivyo haufanyi kitu. Kwenye Nginx kinachoweza kukupora ni kipande cha aina nyingine, kile chenye alama ~ kama location ~* \.(css|js|png)$ ulichokinakili mtandaoni. Hicho kinaishinda /static/ yako hata kama huna habari nacho, isipokuwa uandike location ^~ /static/.

Sasa tuseme umeandika yote na bado unapata 404 (kitu hakikupatikana). Usikimbilie kubadilisha mipangilio. Fungua anwani ya CSS yenyewe kwenye kivinjari, mfano /static/admin/css/base.css, uangalie sura ya kosa. Ukiona "404 Not Found" katikati, mstari mlalo chini yake na neno nginx, aliyejibu ni Nginx: ombi limefika kwenye friji sahihi au isiyo sahihi, ila kitu hakimo. Ukiona "Not Found" upande wa kushoto na sentensi ya "The requested resource was not found on this server", aliyejibu ni Django: ombi halikukamatwa na kipande cha /static/, limepelekwa jikoni. Haya ni matatizo mawili tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu lingine. Angalia pia kwamba kichwa cha Server kwenye jibu hakisaidii kutofautisha, kwa sababu Nginx inafuta kile cha Gunicorn na kuweka chake. Angalia mwili wa jibu.

Aliyejibu akiwa ni Nginx, fungua /var/log/nginx/error.log. Kosa linaloongoza linaonekana hivi:

open() "/srv/duka/static/static/admin/css/base.css" failed (2: No such file or directory)

Umeona static imejirudia? Huyo ameandika root mahali pa alias. Root inachukua folda uliyoitaja na kuibandikia anwani nzima ya ombi, pamoja na /static/ yake. Alias inaondoa sehemu iliyolingana na kuweka folda mahali pake. Kwa hiyo ama uandike alias /srv/duka/static/; ama root /srv/duka;. Zote mbili ni halali, na kama folda yako inaitwa static kama anwani, binafsi napendelea root, kwa sababu ya jambo linalofuata.

Alias ina mtego mmoja. Ukiandika location /static bila mkwaju wa mwisho, kisha alias /srv/duka/static/; yenye mkwaju, kila kitu kitafanya kazi na rangi zitakuja. Lakini mtu akiomba /static../.env (.env ni faili ambamo wengi huweka siri za programu), Nginx inaona mwanzo unalingana na /static, inachukua kilichobaki, yaani ../.env, inakibandika kwenye folda, na njia inakuwa /srv/duka/static/../.env. Hapo amepanda ngazi moja juu, na nenosiri la hifadhidata liko mikononi mwake. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama Orange Tsai aliionyesha mbinu hii kwenye mkutano wa Black Hat, na bado unaikuta kwenye seva za watu, kwa sababu hakuna kinachovunjika. Mkwaju mmoja tu. Kagua wako sasa hivi, makala itakusubiri.

Badala ya 404 unaweza kukutana na 403 (huruhusiwi), na hapa ndipo chmod 777 inapoingia. Nginx kwenye Ubuntu hufanya kazi kama mtumiaji anayeitwa www-data. Ili asome faili, haitoshi faili lenyewe kusomeka. Lazima aruhusiwe kupita kwenye kila folda tangu juu mpaka chini. Mafunzo mengi ya zamani yanakuambia uweke mradi kwenye folda yako ya nyumbani, kwa mfano /home/juma/duka. Wakati yanaandikwa ilifanya kazi. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda za nyumbani hutengenezwa zikiwa zimefungwa kwa wengine, kwa hiyo aliyefuata somo la 2018 kwenye Ubuntu 22.04 anagonga 403 akiwa hajakosea herufi hata moja. Endesha namei -l /home/juma/duka/static/ uone ngazi kwa ngazi wapi mlango umefungwa. Ukipiga 777 kwenye mradi wote umempa kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine hiyo ruhusa ya kuandika juu ya kodi yako, na pengine hata haijasaidia, kwa kuwa kizuizi kiko folda moja juu ya pale ulipopiga. Hamisha mafaili tuli kwenda /srv au /var/www, yaishe.

Wenye Docker, wanaoendesha kila programu ndani ya kontena lake, wana toleo lao la kosa hilohilo. Njia unayoiandika kwenye mipangilio ya Nginx ni njia kwa macho ya Nginx. Kama iko kwenye kontena lake na programu iko kwenye lingine, /srv/duka/static/ ya kule haionekani huku, hata ufanye collectstatic mara kumi. Inabidi makontena yote mawili yashiriki volumu moja.

Na wanaotumia React au Vue (zana za kutengeneza kurasa kwa JavaScript) wana ugonjwa unaojificha vizuri zaidi. Wao huandika try_files $uri /index.html;, maana yake kama faili halipo, mpe mgeni index.html. Ni sawa kwa kurasa. Lakini faili la JavaScript likikosekana, Nginx haisemi 404, inatoa index.html kwa kodi ya 200 (yaani sawa), kila kitu kijani. Kivinjari kinatarajia JavaScript, kinakutana na alama ya kwanza ya HTML, kinalalamika: Unexpected token '<'. Watu wamekesha wakitafuta kosa kwenye kodi yao ambayo haina kosa. Aliyejibu hakuwa aliyeulizwa. Weka location ya folda ya mafaili peke yake yenye try_files $uri =404; na ukweli utajitokeza.

Kuhusu kufuta kache: ushauri huo haukosi maana wote, ila unamtwisha mteja kazi yako. Huwezi kumpigia simu kila mnunuzi abonyeze Ctrl na F5, na wa kwenye simu hana hata hiyo Ctrl. Kinachotakiwa ni jina la faili libadilike maudhui yanapobadilika. Django inayo ManifestStaticFilesStorage: wakati wa collectstatic, mtindo.css linapata nakala yenye herufi na tarakimu kumi na mbili katikati ya jina, zilizokokotolewa kutokana na maudhui yake, na kurasa zinaelekezwa kwenye jina hilo. Ukibadilisha rangi moja, jina linakuwa jipya. Sasa unaweza kuiambia Nginx iweke Cache-Control yenye max-age=31536000, yaani mwaka mzima, na immutable (haibadiliki). Seva nyingi tunazokodi ziko Ulaya, na kila safari ya kwenda na kurudi kutoka Dar au Nairobi inakula zaidi ya milisekunde 100. Faili lililobaki kwenye simu ya mteja halisafiri kabisa, wala halimmalizii bando. Ila usiweke mwaka mzima kwenye faili ambalo jina lake halibadiliki. Hilo ukilikosea, marekebisho yako hayatawafikia wateja wa zamani kwa miezi.

Mafaili wanayopakia watumiaji ni habari nyingine, ingawa yanafanana kwa sura. Picha ya kitenge aliyoipakia muuzaji haikutoka kwako, hivyo collectstatic haiijui. Inakaa kwenye MEDIA_ROOT na inahitaji location yake. Kwanza utakutana na 413, kwa sababu Nginx isipoambiwa inakataa ombi linalozidi megabaiti 1, na picha ya simu ya leo inazidi hapo kirahisi, ongeza client_max_body_size. Kisha jiulize nani anaweza kupakia nini. Faili la HTML au SVG lililopakiwa na mtu usiyemjua na kutolewa chini ya jina la tovuti yako linaweza kuendesha JavaScript kana kwamba wewe ndiye uliyeiandika.

Na kuna mafaili ambayo si ya kila mtu: ankara, nakala za vitambulisho, matokeo ya vipimo. Nimeona zaidi ya mara moja yakiwekwa kwenye /media/ kwa matumaini kwamba hakuna atakayekisia jina. Hapo kijana wa mbele hapaswi kutoa kitu bila kuuliza. Nginx ina utaratibu wake: folda inawekewa neno internal ili isifunguke kutoka nje, ombi linakwenda kwa programu, programu inathibitisha kwamba mwombaji ndiye mwenye ankara, kisha badala ya kulisoma faili yenyewe inajibu kwa kichwa cha X-Accel-Redirect chenye anwani ya ndani ya faili. Nginx inakiona, inalichukua faili na kumpa mteja. Uamuzi umefanywa na Python, ubebaji umefanywa na Nginx.

Je, ni lazima uwe na Nginx? Hapana. Kama umeweka programu kwenye jukwaa ambalo hukupewa nafasi ya kugusa proksi yao, maktaba ya WhiteNoise inaiwezesha Django kutoa mafaili tuli yenyewe kwa namna inayokubalika, ikishughulikia mgandamizo na vichwa vya kache, na kwa tovuti nyingi za kawaida hutaona tofauti, hasa ukiweka CDN (mtandao wa seva zinazogawa nakala za mafaili karibu na wateja) mbele. Haitoi mafaili ya watumiaji, na haikuundwa kwa ajili hiyo; kwenye majukwaa ya namna hiyo diski mara nyingi hufutwa kila unapopandisha toleo jipya, hivyo picha za wauzaji zipeleke kwenye hifadhi ya nje ya aina ya S3 kabla hujampa muuzaji wa kwanza akaunti.